Hodi ya Tatu Bonde la Kilasi

Hodi ya pili ilipokataliwa, Sekela alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai ile hakuinywa tena.

Kioo cha mbele yake kiliandika kwa rangi ya kijivu, bila kutaka makuu: *Seva ya Kilasi. Hodi ya pili. Hakuna karibu.* Kwa mtambo, habari iliishia hapo. Bonde la Kilasi halina mtu. Ilibaki hodi moja tu, ya saa nane mchana, kisha lango la gesi lingefunguliwa kuelekea Kilasi na mji wa Itobela ungepona.

Lakini Sekela alikuwa na ugonjwa wa kusoma maandishi madogo. Ugonjwa huo ulishamkosesha mchumba mmoja zamani, kijana aliyedhani simu yake haisomeki. Akaufungua mstari ule wa kijivu aone kilichokaa chini yake. Seva ya Kilasi haikuwa imenyamaza. Ilikuwa imejibu. Jibu lenyewe lilikuwa neno moja: *Nimekataa.*

"Mhandisi," aliita. "Njoo uone. Kuna mtu anatufukuza mlangoni."

Mhandisi Makoye, mkuu wa Kituo cha Lango, alisogea na makoti yake mawili. Alikuwa Msukuma mnene aliyeletwa kwenye baridi ya Rungwe kwa barua ya uhamisho, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona amevua koti la chini. Wafanyakazi walikuwa bado wanabishana kama lipo la tatu.

"Betri hiyo, Mama Atu," alisema baada ya kusoma. "Seva imeachwa peke yake tangu juzi. Inaweweseka."

"Seva ikiweweseka inasema 'sijui', au 'nimezidiwa', au inakata tu. 'Nimekataa' ina kitufe chake chekundu pale kwenye kibanda cha seva. Kitufe kinataka kidole."

"Panya wana vidole."

"Panya gani anayefikiri kwanza? Tazama muda."

Hodi ni ujumbe mdogo kuliko salamu. Haubebi sauti. Unabeba jina la anayeuliza, jina la anayeulizwa, na swali moja: upo? Seva ya simu iliyo hai hulijibu kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Husema karibu, ikaongeza na yale inayoyaweza: sauti, picha, maandishi. Isipojibu, mtambo hurudia baada ya nusu sekunde, baada ya sekunde moja, mbili, nne, ukirefusha subira kila mara kama mgeni mwenye adabu, mpaka ukate tamaa. Sasa hodi ya kwanza ya Kilasi ilikataliwa baada ya sekunde sita. Ya pili ilikataliwa baada ya kumi na moja. Mashine hazisiti hivyo. Huko kulikuwa na mtu aliyesoma, akawaza, akanyoosha mkono.

Makoye alizitazama tarakimu zile kwa muda. Kisha akatazama pembeni, ukutani, kwenye kipimo cha gesi.

"Sheria inasema karibu," alisema polepole. "Haisemi lingine."

Waliotunga sheria ya lango walikuwa watu waliolelewa vizuri, na hapo ndipo walipokosea. Walikaa wakakubaliana kwamba kabla gesi haijaachiliwa bondeni, bonde litapigiwa hodi mara tatu kama nyumba yoyote ya watu wenye heshima. Likisema karibu, lango halifunguki ng'o. Lisiposema, hakuna mtu, na kazi iendelee. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupiga hodi kwa watu akajibiwa "sitaki". Kwa hiyo neno hilo hawakulitengea nafasi. Mtambo ukilipokea, ulilitupa kwenye kapu moja na kimya.

Na kipimo kilikuwa kinapanda. Chini ya ziwa la mlimani, tangu mlima ulipoamka, gesi ilikuwa ikijikusanya, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa. Ikitoka hutiririka kama maji na kujaa mabondeni. Huzima moto kwanza, halafu watu. Isipotolewa kwa lango ingejitafutia njia yenyewe, na njia iliyokuwa rahisi kwake ilishuka moja kwa moja hadi Itobela, mji mzima wenye barabara moja ya kutokea. Watu wa Kilasi walikuwa wamepelekwa huko huko, wakalazwa uwanja wa mpira. Mume wa Sekela, Lusajo, alikuwa miongoni mwao. Na binti yao Atu, mwenye miaka sita, aliyeahidiwa kwamba wanakwenda kutazama mechi.

"Ufunguo wa kibanda cha seva ya Kilasi ana nani?" Makoye aliuliza.

Sekela aliivuta simu ya kituo. Alikuwa anajua, na alikuwa anaomba asiwe anajua.

* * *

Simu ya kituo ilipata laini ya mjini kwa taabu. Watu wote wa Itobela walikuwa wakipigiana kuulizana kama kuna habari, na hivyo habari zikakosa pa kupita.

"Lusajo. Baba yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, na wazee wenzake. Pale nyuma ya goli."

"Umemwona?"

"Nimeona kofia yake."

"Nenda kaangalie kama kichwa chake kimo."

Alisikia uwanja: watoto, spika mbovu, mtu akigawa uji kwa kugomba. Lusajo aliporudi alikuwa anahema.

"Kofia kaivaa Mzee Mwaisumo. Anasema aliombwa aivae mpaka mwenyewe arudi. Sekela, baba amerudi Kilasi usiku wa jana. Kwa miguu. Mheshimiwa alikuwa na mimba ya…"

Laini ikakatika, na haikupatikana tena.

Mwenye kofia Sekela hamtaji jina, kwa hiyo tutamtaja sisi ambao hatukuolewa kule: ni Mzee Ambindwile Mwakabuta, baba yake Lusajo, mtunza seva wa Kilasi. Kibanda cha seva kimo uani kwake, kati ya zizi na migomba. Miaka tisa ya ndoa, yeye na Sekela hawajawahi kusemezana hata neno. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaangaliani usoni, hawasalimiani, hawatajani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Vijana wengi walishaacha mambo hayo. Mzee hakuacha. Na Sekela, pamoja na vyeti vyake vya mitambo ya simu, alijikuta naye haachi, maana ndani ya kimya kile alikuwa anapendwa. Parachichi lililoiva vizuri lilikutwa kizingitini kwake, halina mwenyewe. Mzee akiwa na neno la kumwambia, alimwambia ng'ombe.

"Mheshimiwa," angesema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "mtoto huyu anakohoa tangu jana. Ingekuwa mimi ndiye mama yake ningekwenda zahanati."

Mheshimiwa alikuwa ng'ombe jike mwekundu, aliyepewa cheo hicho kwa sababu alikula vizuri na hakupenda kuulizwa maswali.

Sasa Sekela aliona jambo zima, na lilikuwa jepesi kupita kiasi. Kila hodi hubeba jina la mwenye zamu, ili mambo yakiharibika watu wajue wa kumlaani. Kwenye kioo cha kibanda cha Kilasi palikuwa pamewaka mara mbili: *HODI. KUTOKA KWA SEKELA.* Mzee akaliona jina la mkamwana wake limesimama mlangoni linataka kuzungumza naye. Akafanya kile ambacho mtu wa heshima anapaswa kufanya. Akabonyeza chekundu.

"Alikuwa ananiheshimu," alimwambia Makoye alipokwisha kumweleza. "Na sisi tumeandika hayupo."

"Nitume mimi ya tatu, kwa jina langu."

"Mtambo umefungwa kwa kidole changu tangu asubuhi. Haubadili jina mpaka lango liamuliwe. Uliisaini wewe hiyo kanuni."

"Niliisaini, ndiyo. Nilikuwa nimeshiba." Makoye alivuta kiti, akakaa, na kiti kikalalamika. "Magari?"

"Barabara imemezwa na tope tangu juzi jioni."

"Ndege za doria?"

Wote wawili wakatazama dirishani. Nje hapakuwa na mlima wala mti. Palikuwa na ukungu tu, mweupe, umeegemea kioo kama umetumwa kusikiliza. Ndege ndogo za doria zilikuwa zimejipanga bandani, zimefunikwa turubai.

Makoye alishusha sauti, ingawa chumbani walikuwa wawili. "Mama Atu. Maandishi madogo hayasomwi na mtu. Si lazima tuwe tumeyaona."

Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Na Sekela, lazima tuseme ukweli, alikitazama kiti kile. Saa nane hodi ya tatu ingekwenda, ingekataliwa, mtambo ungeandika bonde tupu, na yeye angeweka kidole gumba. Hakuna mahakama ambayo ingemgusa. Angerudi nyumbani kwa Atu, akiwa hai, na Atu angekuwa hai. Au angeweza kuandika karibu ya uongo kwa mkono wake mwenyewe. Lango lingejifunga, mzee angebaki na ng'ombe wake, na gesi ingeshuka yenyewe mpaka nyuma ya goli.

"Nikijibiwa 'nimekataa' tena," alisema, "siweki kidole. Bora nikuambie mapema."

"Na mji?"

"Sijui, Mhandisi. Usiniulize kana kwamba ninajua."

* * *

Watu wa Kilasi walipohamishwa, namba zao zote zilifungwa kwenye seva, moja moja, ili asipatikane mtu kwa makosa. Sekela alizipitia zote akitafuta iliyosahaulika. Zote zilikuwa nyeusi. Alipofika mwisho, kwenye namba za mifugo, akasimama.

Ng'ombe wa bondeni huvaa kengele shingoni, na kengele za siku hizi ni simu. Zina spika ya kumwita ng'ombe akiwa mbali, na kitufe kimoja ubavuni cha mchungaji kujulisha nyumbani kwamba kundi limefika. Zinajipokea zenyewe, maana ng'ombe hajafundishwa kupokea. Na katika kufunga namba za watu, hakuna aliyekumbuka kufunga za ng'ombe.

Moja ilikuwa inawaka kijani. *Mheshimiwa. Kilasi. Ndani ya masafa.*

"Ongea wewe kwanza," alimwambia Makoye. "Mimi hatanisikiliza. Ataondoka zizini kwa heshima."

Laini ilifunguka. Walisikia mvua juu ya majani ya mgomba, pumzi nzito, ulimi ukilamba kitu. Makoye alivuta koti, akakohoa kiofisi.

"Mheshimiwa," alianza, kisha akamtazama Sekela kwa macho ya mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu asijue kwamba ingekuja kufikia hapa. "Hapa ni Kituo cha Lango. Yeyote aliye karibu anaamriwa kuondoka bondeni mara moja na kupanda mgongo wa kilima cha Ilamba."

Kulamba kukasita. Kisha, kwa mbali kidogo, sauti ya mzee, imetulia kabisa.

"Naona umeanza kupigiwa simu na serikali, Mheshimiwa. Waambie hatupo."

"Mzee, hili si jambo la utani…"

"Waambie pia kwamba mara ya kwanza walituhamisha, tukarudi tukakuta nyumba hazina bati. Na waliokuja kututoa ndio hao hao waliokuwa na magari."

Nyayo zikasogea mbali kwenye tope. Makoye alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Umeona. Mimi ni bati lake lililopotea."

Sekela alikisogeza kipaza sauti kwake. Miaka tisa. Hangeweza kumwita, hangeweza kumtaja, na neno lolote ambalo angemwelekezea yeye lingemfukuza kama jiwe. Akafumba macho. Akamwona ng'ombe mwekundu, masikio mazito, uso wa mtu asiyependa maswali. Akazungumza naye.

"Mheshimiwa. Mimi ni mama yake Atu. Sina neno na mtu mwingine huko, nina neno na wewe."

Nyayo zikasimama.

"Hodi zile zilikuwa zangu. Aliyezikataa alinitendea adabu, na ninamshukuru. Lakini mtambo wa huku haujui adabu. Umeandika kwamba hapo hakuna mtu. Na pasipo mtu, saa nane, gesi ya mlimani inaletwa hapo bondeni. Yote. Mheshimiwa, wewe na aliye karibu nawe mtalala na hamtaamka."

Sekela alihesabu pumzi za ng'ombe kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

"Mheshimiwa," mzee alisema hatimaye, na sauti ilikuwa karibu sasa, kana kwamba amechutama kando ya shingo ile. "Muulize anayekupigia. Hodi ya tatu ikija, na aliye hapa akafumba macho asisome jina, akabonyeza kijani. Inakuwaje?"

Hapo palikuwa na uongo mmoja mzuri sana: kwamba kijani hakibadili kitu, gesi inakuja tu. Sekela aliuona mzima mzima. Makoye naye aliuona, akainamia viatu vyake.

"Lango halifunguki," Sekela alisema. "Mtabaki salama hapo. Ila gesi haitakaa. Itajitokea yenyewe kwa kushuka Itobela. Mheshimiwa, watu wote wa Kilasi wako Itobela. Lusajo yuko huko. Atu yuko huko, anaambiwa kuna mechi."

Kengele ililia kidogo, kama imeshikwa na mkono.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya mzee, "mwambie umezaa alfajiri. Jike. Miguu bado ni kama ya meza mbovu."

"Mheshimiwa, mwache ndama. Kupanda Ilamba ni saa nzima kwa mtu asiyebeba kitu. Mwacheni, mpande sasa hivi. Ninakuomba wewe, nakuomba…"

Makoye aliweka mkono begani kwake akatikisa kichwa. "Usipoteze muda wake," alinong'ona. "Ng'ombe aliyezaa leo hamwachi ndama, na mwenye ng'ombe hamwachi ng'ombe. Hata mimi nisingemwacha, na mimi nina akili."

Huko bondeni mzee alikuwa ameanza kuguna, guno la mtu anayenyanyua mzigo wenye miguu minne. Kengele ikaanza kulia kwa mwendo. Mlango wa zizi. Tope. Sekela alifuata kila sauti, ameuma kidole. Wakavuka mto. Wakaanza kupanda, kwa jinsi pumzi zilivyobadilika. Ishara ikapungua kutoka mistari minne hadi miwili, na kutoka miwili hadi mmoja, maana seva ilikuwa chini na wao wanaingia kwenye korongo.

Ndipo sauti ya mzee ikaja, imekatikakatika. "Simama, Mheshimiwa. Ngoja kidogo. Kamba ya… nimeisahau…"

Na kengele ikatoka nje ya masafa.

* * *

Saa nane ilifika ikakuta hakuna anayeitaka.

"Hodi ya tatu," Sekela alisema.

"Bado," alisema Makoye.

"Sheria ni saa nane kamili."

"Ninajua. Nitaandika kwamba nilikuwa msalani. Mwili wangu huu kila mtu ataamini."

Alikuwa amesimama mbele ya kipimo, mikono ndani ya makoti, akiuzuia mshale kwa macho. Mshale haukuzuilika. Ulikuwa umeacha manjano, unapanda taratibu kuelekea mstari mwekundu, na chini ya sakafu mabomba yalikuwa yameanza kutoa mlio mdogo, kama birika lililo chumba cha pili. Sekela aliwaza kamba. Kamba gani ambayo mtu mzima anairudia? Ya kumfungia ndama mgongoni, bila shaka. Ameiacha zizini au ameitundika kibandani, kwenye msumari ulio kando ya kioo cha seva? Kama amerudi kuichukua, hodi itamkuta pale, jina la mkamwana litawaka, na mkono wake utakwenda wenyewe kwenye chekundu.

Saa nane na nusu. Mlio ulipanda ukawa sauti.

"Mama Atu," alisema Makoye bila kugeuka. "Mwekundu. Udhuru wa msalani umekwisha."

Sekela akatuma.

*Seva ya Kilasi. Hodi ya tatu.*

Maisha yake yote ya kazi Sekela alikuwa mtu wa kuomba majibu. Alikuwa amekesha akibembeleza seva zilizozimika, akazishangilia ziliporudi. Leo alikaa mbele ya kioo akiomba isijibiwe. Nusu sekunde. Sekunde. Mbili. Mtambo ukarudia, ukarefusha subira. Sekunde ya sita ikapita, ile ya kidole cha kwanza. Ya kumi na moja ikapita. Ukarudia tena. Kila iliyopita ilimlegeza bega moja na kumkaza jingine, kwa sababu kimya hakisemi mtu yuko wapi. Kimya kilisema tu kwamba hakuna kidole kwenye kitufe. Huenda mzee yuko mgongoni Ilamba. Huenda yuko nusu ya njia, amepiga goti kwenye tope. Huenda anarudi na kamba, bado hajafika mlangoni.

*Hakuna karibu,* kiliandika kioo. Akafungua chini yake. Safari hii maandishi madogo yalisema vile vile: *Hakuna jibu la aina yoyote.*

"Ni kimya," alisema.

"Kimya kweli?"

"Kimya kweli. Hayupo kibandani. Zaidi ya hapo sijui, na ukiniuliza nitapiga kelele."

Sekela alikitazama kidole gumba chake kana kwamba ni cha mtu aliyemwazima. Akakiweka. Mahali fulani chini ya miguu yao chuma kizito kilijigeuza, mlio wa birika ukakatika, na ukaja mngurumo mmoja mrefu, wa chini, unaoteremka kuelekea Kilasi. Mshale ulitetemeka, ukasita, ukaanza kushuka.

Itobela ilipona pale pale, bila kujua. Uwanjani pengine walikuwa bado wanagombea uji.

* * *

Seva ya Kilasi ilikufa baada ya dakika chache. Ilikuwa inaendeshwa na injini ya gesi ya samadi, na injini nayo huvuta pumzi. Sekela aliona namba zake zikizimika, na ya mwisho kuzimika ilikuwa ya mifugo.

Juu ya mgongo wa Ilamba kulikuwa na seva nyingine, ndogo, ya wachuma majani ya chai. Kengele ya ng'ombe ikifika huko hujiandikisha yenyewe, kama mgeni anayeripoti kwa balozi wa nyumba kumi. Sekela akaanza kuuliza. Hodi kwa Ilamba: Mheshimiwa yupo?

*Simjui.*

Akangoja. Akauliza.

*Simjui.*

Makoye alivua koti la juu, akamwekea mabegani. Chini yake kulikuwa na la pili, na ndani ya la pili ilionekana kola ya la tatu. Siku nyingine Sekela angepeleka habari hiyo kituo kizima.

*Simjui. Simjui. Simjui.*

"Mpe nafasi," alisema Makoye. "Ana mtoto mkononi."

"Nilimwambia ukweli, Mhandisi. Ningemwambia abonyeze tu kijani…"

"Ungemwambia hivyo, sasa hivi tungekuwa tunahesabu uwanja."

"Huko pia kuna mtu wa kuhesabiwa."

Makoye alishika kile kikombe cha chai baridi, akakinusa, akakirudisha. Nje ukungu ulikuwa umeanza kuchanika, na kupitia mpasuko mmoja ilionekana migomba ya Kilasi, mbali chini, mizuri, imetulia. Hakukuwa na ndege hata mmoja juu yake.

Ndipo kioo kikalia. Haikuwa sauti ya jibu. Sekela alitazama asielewe, kwa sababu tangu kituo kijengwe sauti ile haikuwahi kulia.

*HODI. KUTOKA KWA MHESHIMIWA. KUPITIA ILAMBA.*

"Ng'ombe amejikuna," alisema Makoye haraka, kama mtu anayeogopa kufurahi. "Kitufe kiko ubavuni. Amejikuna kwenye mti."

Ikapita kitambo, kitambo cha mtu aliyesimama nje ya uzio, akisikiliza kama kuna nyayo zinakuja.

*HODI. KUTOKA KWA MHESHIMIWA.*

Alitafuta kitufe cha kijani na hakukipata. Kituo kilijengwa kuuliza. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja chenyewe kingepigiwa hodi. Akaanza kuandika kwa mkono, akakosea, akafuta. Nacho kitambo kile kile, chenye adabu ile ile, kikapita mara ya pili, jinsi ambavyo hakuna ng'ombe hata mmoja duniani anayeweza kujikuna.

*HODI.*

*Karibu,* aliandika Sekela.

Laini ikafunguka. Upepo wa mgongoni, pumzi tatu tofauti, moja kati yake ndogo na ya haraka. Mzee alikohoa, akatema mate pembeni, akajiweka sawa.

"Haya, Mheshimiwa," alisema. "Kaa chini upumzike. Tumekaribishwa."